Mwinuko wa Arusha Umesingiziwa

Mama yangu alitimiza miaka 70 mwezi Juni, na kwa kuwa sisi watoto wake tumeshazoea kununua hata kile tunachoweza kukipika, tuliagiza keki ya sponji yenye ladha ya chungwa kwa mwokaji mmoja wa hapa mjini. Tulilipa nusu, tukamalizia siku ya kuichukua, na ilipofika saa ya kuikata mbele ya wageni, kisu kiliingia kwa shida kama kinachopasua ugali uliolala. Siku ya pili nilimpigia mwokaji kumweleza, kwa adabu zote nilizofunzwa, naye akanijibu bila kusita: "Dada yangu, Arusha iko juu mno. Keki za huku haziwezi kuumuka kama za Dar."

Nimelibeba jibu hilo rohoni kwa wiki tatu, na leo ninalitua.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, ndiyo maana maji ya chai huku kwetu huchemka yakiwa na nyuzi kama 95 badala ya 100. Hewa iliyomo ndani ya rojo nayo, kwa kuwa haikandamizwi sana kutoka nje, hutanuka zaidi kuliko ambavyo ingetanuka pwani. Maana yake ni kwamba keki ya Arusha huumuka upesi kuliko ya Dar es Salaam, na ikiharibika huharibika kwa kupanda mbio kabla unga haujashika, kisha kubonyea katikati. Keki ya mama haikubonyea popote, kwa sababu haikuwahi kupanda. Mlima Meru hauhusiki.

Kilichokosekana ni hewa, na hewa ya sponji hutoka kwenye mayai. Wengi wetu tulifundishwa keki ya siagi, ile ya kusaga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, ambayo ni keki nzuri na sina ugomvi nayo, lakini tabia yake tunaihamishia kwenye sponji na kutarajia kwamba beking pauda itafanya kazi ambayo mkono umekataa kuifanya. Beking pauda ya kisasa inatokana na kazi ya mkemia Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1843, wakati ambapo sponji zilikuwa zimeokwa Ulaya kwa vizazi vingi bila chembe yake. Mayai manne, gramu 120 za sukari na gramu 120 za unga wa ngano uliochekechwa vinatosha kabisa kutoa keki inayochambuka, mradi mayai na sukari vipigwe mpaka vijae mara tatu ya vilivyokuwa, vipauke, na ukiinua mchapo wa kupigia mayai rojo lidondoke kama utepe unaokaa juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Kwa mashine ni dakika kumi hivi. Kwa mkono, nilipojaribu Jumapili iliyofuata, zilikuwa dakika 25 za kupokezana na mtoto wa dada yangu, ambaye katikati ya kazi alinitazama kwa huruma akasema, "Mama mdogo, mkono umekufa ganzi." Nilimwambia aubadilishe.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina usumbufu wake, kwa kuwa mayai yaliyolala katika jiko la Arusha huwa ya baridi na hayashiki hewa upesi, kwa hiyo niliyaweka mazima katika maji ya uvuguvugu kwa dakika tano kabla ya kuyapasua. Kama unatenganisha ute na kiini, bakuli liwe kavu na lisilo na mafuta hata kidogo, na lile la plastiki liache, kwa maana hung'ang'ania mafuta hata baada ya kuoshwa, na tone moja la mafuta au la kiini huzuia ute kutoa povu. Unga nao huingizwa kwa mafungu, kwa mwiko unaopita chini na kugeuza juu taratibu. Anayeukoroga kama uji anaitoa hewa ile ile aliyoitolea jasho.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mwinuko si wa kupuuzwa. Anayefuata kipimo cha pwani chenye beking pauda aipunguze kidogo, asipige ute mpaka ukakauka, na moto wake uwe mkali kidogo ili keki ishike mapema. Nakubali pia kwamba oveni ni bora kuliko sufuria, ingawa sufuria nzito yenye mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko haijawahi kunitia aibu.

Kuhusu ladha nitasema machache. Chungwa la Muheza lina ganda la kijani ambalo watu wengi hulitupa, nao wakaenda dukani kununua arki ya chungwa. Paruza ganda hilo juu juu, usifikie sehemu nyeupe kwa sababu ni chungu, kisha lifikiche ndani ya sukari kwa vidole kabla ya kupiga mayai, nawe utasikia jiko zima likinukia.

Na atakayeniambia kwamba mambo haya ni ya wenye mafunzo, nitamtajia Harry Baker, wakala wa bima wa Los Angeles, ambaye mwaka 1927 alibuni keki ya shifoni kwa kutumia mafuta ya kupikia mahali pa siagi, akaificha siri yake kwa miaka 20 kabla ya kuiuza kwa General Mills, kampuni ya vyakula ya Marekani, mwaka 1947. Wakala wa bima! Sisi tuliokaanga maandazi tangu darasa la nne tunaambiwa tuogope mwinuko.

Keki yangu ya Jumapili ilipasuka kidogo upande mmoja, nalo si jambo ninalolificha. Mama alikula vipande viwili, akauliza safari hii tumelipa shilingi ngapi.

Desemba kuna kipaimara cha yule mtoto aliyekufa ganzi mkono, wageni watakuwa wengi na sufuria yangu ni moja, kwa hiyo bila shaka tutaagiza tena. Ila kabla sijatoa hata shilingi ya utangulizi, mwokaji atanieleza anapiga mayai kwa dakika ngapi.