Mwanamke asubiri kuteuliwa mpaka lini?

Mwaka 2022 nilipiga kura ya mkoa huku Sweden. Bila uraia, ndiyo: mgeni aliyeandikishwa hapa miaka mitatu mfululizo anaruhusiwa kuchagua baraza la mkoa, lile linaloendesha hospitali. Nikachukua karatasi ya buluu ya chama, nikasoma majina: mwanamke, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mpaka chini. Hakuna sheria inayowalazimisha. Vyama vyenyewe viliamua. Chama cha Social Democrats kinapishanisha hivyo tangu uchaguzi wa 1994. Nilifurahi, kisha nikapandwa na hasira.

Binamu yangu kwetu Kenya alitaka uwakilishi wadi. Kabla ya mchujo wazee wa chama wakamwita: "Mama, muachie huyu kijana, wewe tutakuteua." Wadi ina kiti kimoja, chama kina tiketi moja, na tiketi humfuata mwenye magari na pesa za mikutano. Kumpa mwanamke ni kumnyima mwanamume anayejulikana kwa jina, mwenye wafuasi wa kuzua fujo. Kwenye orodha kama ile ya Sweden huyo mwanamume anashuka nafasi moja tu, na chama kikijaza wanaume watupu kila mpiga kura anakiona.

Najua mtakachosema: "Ameonja Ulaya, sasa anatufundisha." Siwaabudu Wasweden. Waziri mkuu wao wa kwanza mwanamke walimpata 2021. Na magavana wetu saba wanawake wa 2022 niliwashangilia mpaka sauti ikakauka, maana 2013 hatukuwa na hata mmoja na 2017 walikuwa watatu. Gladys Wanga na Kawira Mwangaza walitoka kwenye kiti cha mwakilishi wa wanawake, kinachogombewa na wanawake pekee, wakatwaa ugavana, Kawira bila chama chochote. Majabali hao! Lakini kwa nini mwanamke awe jabali ndipo apate anachopata mwanamume wa kawaida?

Mtaniambia kaunti hujazia wanawake wa kuteuliwa mpaka wafike theluthi. Hujazia kura zikishahesabiwa! Mteuliwa anaingia bunge la kaunti bila wadi, na wenzake wanamuuliza alichaguliwa na nani. Kinachoniuma ni kwamba dawa tunayo: Kifungu cha 90 cha Katiba kinataka orodha za vyama zipishanishe mwanamke na mwanamume. Tumeitumia kwa viti vya kuteuliwa, wadi zote 1,450 tukaziachia mshindi mmoja mmoja.

Tuunganishe wadi, tuchague wanne au watano kwa orodha. "Barabara yangu nitamdai nani?" Swali zito, nakubali. Wadai wote wanne. Leo huyo mmoja akizima simu, huna wa pili wa kumpigia.