Mbali, au wingu tu?

Juzi nilikaa mwaloni Igombe, Ziwa Victoria, na mjomba wangu, aliyevua dagaa miaka mingi hadi mgongo ulipomkatalia. Mwezi ulikuwa haujatoka, na taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji mpaka macho yanapoishia. Nikamwonyesha mstari mmoja hafifu, nikasema wale wamekwenda mbali kweli.

Akacheka. "Mjomba, usipime kwa mwanga. Tazama zilivyoachana."

Kamba inayounganisha taa na taa anaijua urefu wake; ameifunga maisha yake yote. Taa za mstari ule zilikuwa zimeachana sawasawa na za jirani zao waliokuwa wanawaka vizuri. Hawakuwa mbali. Kati yetu na wao lilipita wingu la wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi na kukuingia mdomoni ukithubutu kuongea.

Nimelileta hili kwa sababu mwaka 1998 wanaastronomia walikuwa na swali lilelile. Walikuwa wakitazama supanova za aina ya Ia, milipuko ya nyota mbilikimo nyeupe, ambazo ndizo karabai zao. Hazilingani sawasawa, maana zinazong'aa zaidi huchelewa kufifia, lakini hilo linasawazishika, kama mjomba anavyoijua karabai iliyopigwa pampu na iliyolegea. Za mbali zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, yaani kana kwamba ziko mbali zaidi. Wakahitimisha kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na 2011 Perlmutter, Schmidt na Riess wakapewa Nobel. Lakini wapo waliouliza, na kwa haki kabisa: je, kama ni vumbi? Au kama chembe za mwanga zinageuka kitu kingine njiani?

Kwa kutazama mwanga peke yake hutapata jibu. Unahitaji kamba.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwanahisabati Etherington aliionyesha mwaka 1933: umbali unaoupata kwa mng'ao na ule unaoupata kwa ukubwa unaoonekana haulingani, ila tofauti yake inajulikana. Mawimbi ya mwanga yakifika yamevutika hadi mara mbili ya urefu wake kwa kutanuka kwa anga, umbali wa mng'ao utakuwa mara nne ya ule wa ukubwa. Yakivutika mara tatu, mara tisa. Mwanga ukimezwa njiani, hesabu hiyo inavunjika.

Kamba ya wanaastronomia ni lenzi za mvutano. Galaksi nzito iliyokaa njiani hupinda mwanga wa kitu kilicho nyuma yake, ukakiona mara mbili au hata mara nne. Pacha wa kwanza wa namna hii waligunduliwa 1979, kwasa moja (kiini cha galaksi ya mbali king'aacho mno) inayoonekana kama mbili, na kinachotokea katika taswira moja hujirudia katika nyingine baada ya siku zipatazo 417. Ukipima pembe kati ya taswira, na kasi ya nyota ndani ya galaksi inayopinda, unapata uwiano wa umbali bila kuuliza taa inawaka kiasi gani. Kisha unatafuta supanova ambazo mwanga wake umevutika kiasi hichohicho, hata kama ziko upande mwingine wa anga, na kulinganisha.

Hadi sasa kanuni imesimama, ndani ya mipaka ya vipimo. Kuna wanaoona huku ni kupoteza muda, kupima kitu ambacho karibu kila mtu anakiamini. Mimi naona ni kazi ya maana kuliko nusu ya vichwa vya habari vya anga tunavyosambaziana WhatsApp. Ninachokataa ni taa na kamba kuitwa mashahidi wawili walio sawa. Anayepima kwa lenzi lazima akadirie uzito umetawanyika vipi ndani ya galaksi, na kamba usiyoifunga mwenyewe ni kamba ya kuambiwa. Siku majibu yakipishana, mimi nitaikagua kamba kabla ya kumgusa Einstein na nadharia yake ya mvutano.

Taa nazo zina shida yake: supanova za zamani zilitoka kwa nyota za ulimwengu mchanga, na huenda haziwaki kama za leo. Nilipomgusia mjomba, alinyoosha kidole kwenye mitumbwi iliyokuwa karibu na ufuko.

"Ndiyo haya mataa ya sola. Huyu kanunua nyeupe, yule ya bluu, betri ya yule inakufa saa nane. Siku hizi hata mimi nakosea."

Tukaondoka wadudu walipotufikia.