CR haijui nani kaenda harusini

Mezani kwetu tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, na mimi ndiye DM, yaani msimamizi wa mchezo. Hesabu ya pambano niliifanya mwenyewe, mara mbili, kwa kikokotoo cha simu. Wachezaji wanne wa leveli ya 3. Maadui ni vivuli vinne, kila kimoja CR ½ (CR ni namba inayokadiria ugumu wa zimwi), yaani pointi 100 za uzoefu. Jumla 400, zidisha mara mbili kwa kuwa maadui ni kundi, unapata 800. Kwa timu ya aina hiyo, mwongozo wa Dungeons & Dragons wa 2014 unaanza kuita pambano "la kati" likifika 600, na "gumu" likifika 900. Nikafunga daftari, roho kwatu.

Raundi ya pili haijaisha, mchawi wetu kafa. Na alikuwa bado na pointi 3 za uhai.

Kivuli hakikujeruhi tu. Kila kikikupata kinakunyonya Nguvu, kiasi cha dadu moja ya nyuso nne, na Nguvu ikifika sifuri umekwisha. Zile dadu za kujinusuru ambazo kila mtu hurusha akiwa hoi, hapa hakuna. Sasa niambie, mchawi gani ana misuli? Wetu alikuwa na Nguvu 8, pointi zake zote kazimwaga kwenye Akili kama wenzake wote duniani. Pigo la kwanza likala 4. La pili likala 3. La tatu lilipompata sikuwa na haja ya kurusha dadu. Akanitazama: "Kaka, hii ndo ya kati?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Sasa ninalo. Kwa mwongozo wa 2014, CR inapatikana kwa kupima uhai na kinga ya zimwi upande mmoja, na upande wa pili madhara yake kwa raundi na uwezekano wa kukupata, halafu unachukua wastani. Yaani inapima mvutano wa kumalizana uhai. Kwa Ogre wa toleo hilo inatosha kabisa: uhai 59, kinga 11, rungu la wastani wa 13, hana siri yoyote. Tatizo ni mazimwi yanayoingia kwa mlango mwingine. Yupo Intellect Devourer, ubongo wenye miguu, CR 2 sawasawa na Ogre. Huyo anakula Akili. Mchawi atamcheka, lakini lile pande la mtu lenye shoka na Akili 8 linaweza kudondoka zamu ya kwanza. Namba ileile, maiti tofauti.

Halafu kuna habari ya nani yupo. Kuhani wetu jioni ile alikuwa harusini kwa dada yake. Vivuli vinaumia maradufu kwa nuru takatifu, na kuhani anaweza kuvitimua vyote kwa kuinua tu alama ya mungu wake. Angekuwepo, tungevimaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilipunguza mtu mmoja kwenye hesabu, nikadhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimepunguza dawa.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mezani mambo yamegeuka: ni wewe kulijua zimwi. Troli wa CR 5, wa toleo la 2014, hurudisha uhai 10 kila zamu, mpaka umchome kwa moto au tindikali. Wanaojua hilo humkuta mwepesi. Wasiojua watamkata mpaka wachoke, naye anazidi kupona mbele ya macho yao. Kwenye karatasi yake, CR ni 5 kwa wote.

Mwongozo wa 2024 umeondoa vile vizidishio vya kundi, na kwa kweli sikuvililia, vilikuwa kero. Lakini rudisha vivuli vyangu humo: pointi 400 dhidi ya timu ya wanne wa leveli ya 3 hazigusi hata kiwango cha chini, ambacho ni 600. Zamani niliambiwa ni ya kati. Sasa ningeambiwa ni mazoezi ya viungo.

Wako maDM wanaosema CR itupwe kabisa. Mara nyingi ni watu waliochezesha miaka mingi, wana jedwali lote kichwani. Anayeanza anahitaji pa kushika, na mimi bado naianzia hapo. Ila nikishapata namba, nasoma mashambulizi mstari kwa mstari nikijiuliza swali moja: hili zimwi linakula nini, na nani mezani anacho kidogo? Jibu likiwa ni jina la mtu mmoja, napunguza idadi, au natia dokezo mapema: maiti mlangoni isiyo na jeraha, mikono imenyauka.

Kuhusu mchawi wetu: anayeuawa na kivuli, kama hakuwa mwovu, kivuli chake huinuka baada ya saa chache, dadu ya nyuso nne ndiyo inayoamua ngapi. Nikairusha kimyakimya nyuma ya kadi zangu. Mbili. Nikawauliza wenzake watatu wanafanya nini. Wakashauriana kidogo, wakasema wamechoka, watalala humohumo kwa muda wa saa nane, pembeni ya maiti.