Kimekufa? Nani kakipima?

Juzi baba mdogo kapanda Costa kutoka Vwawa mpaka Mwanjelwa, Mbeya, kompyuta yake mpakato kaivingirisha kwenye kanga ndani ya kiroba. ThinkPad T42, mashine ya 2004, enzi zile bado zina nembo ya IBM. Ndani mna hesabu za kahawa za chama chao cha msingi, miaka yote aliyokuwa karani. Inawaka, feni inazunguka, ila kioo ni cheusi tii. Fundi kaifunua, kaitazama, kasema: "Mzee wangu, kioo kimekufa. Laki na themanini, nakuagizia Dar."

Nilikuwepo. Haikufika nusu dakika. Maiti haijaguswa, cheti cha kifo kishaandikwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wakati anataja bei, muziki wa Windows XP ulikuwa unasikika kwenye spika. Mfu anaimba, na daktari hasikii! Yule kijana wa gereji hapo Kabwe, ukimletea lori linalokohoa, kwanza anakwambia liwashe alisikilize. Wa kompyuta yeye anasikiliza mfuko.

Nikambeba baba mdogo na kiroba chake mpaka nyumbani. Nikazima taa ya chumbani, nikawasha tochi ya simu, nikaisogeza kwenye kioo kwa ubavu, karibu kabisa. Tukakiona kile kilima cha kijani cha XP, kwa mbali, kama mlima Loleza siku ya ukungu. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, mbona kipo?" Kipo, baba. Kioo kinachora picha vizuri tu. Kilichozimika ni taa ya nyuma yake.

Mashine za umri huo hazina taa za LED. Zina mrija mmoja mwembamba kuliko mrija wa soda, na mrija huo unalishwa na inveta, kibao kidogo chembamba cha saketi kilichojificha ndani ya mfuniko, chini ya kioo. Inveta ndiyo inayoupandisha umeme mdogo wa mashine kuwa mamia ya volti, kwa hiyo usipeleke kidole humo mashine ikiwa inawaka. Basi washukiwa ni watatu: mrija, inveta, au waya unaopita kwenye bawaba. Nikaukunja na kuukunjua mfuniko polepole. Waya ukiwa umechubuka, mara nyingi taa hukonyeza. Haikukonyeza. Nikaibonyezabonyeza na swichi ya mfuniko, maana ikinata mashine hudhani imefungwa. Wapi. Nikapima kwa mita: umeme unaingia kwenye inveta. Nikatafuta inveta ya mashine kama hiyo kwenye boksi la vyuma chakavu la jamaa mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya. Elfu kumi na tano. Taa ikawaka.

Na tochi isingeonyesha kitu? Ungeazima skrini ya steshenari, uchomeke nyuma, ubonyeze vitufe vya Fn na F7 kwa pamoja. Picha ikitoka safi huko nje, ugomvi uko kwenye kioo au waya wake. Ikitoka imechanikachanika huko pia, hapo ndipo mtu ahuzunike, kwa sababu T42 zinajulikana kwa lehemu kupasuka chini ya chipu ya picha, hasa kwa watu wanaozinyanyua kwa kona moja kama sinia.

Haya, nimtetee fundi kidogo, ingawa sipendi. Sisi wateja hatulipii kupima. Mwambie mtu wa Mbeya "nimepima, nipe elfu tano" uone anavyokutazama. "Umetengeneza nini?" Kwa hiyo fundi anauza spea, maana spea ndiyo inayolipwa. Sawa. Lakini tochi ya simu ni bure, kaka. Ni bure!

Mrija nao umezeeka, sitadanganya. Asubuhi hizi za baridi ya Julai unaamka na wekundu fulani, mwanga hafifu, kisha taratibu unakuwa mweupe. Baba mdogo kanipigia simu kuulizia. Nikamwambia auache upate moto. "Aa, kama jiko la mkaa," akasema, akakata, akaenda kuinjika chai.