Soksi zangu na breki za baba mdogo Kitonga

Basi bana, tunatoka Iringa kwenda Dar na IST ya baba mdogo, bibi mbele na kikapu chake, mi na mama mdogo nyuma tumebanana na tenga la nyanya za Ilula. Baba mdogo ni wale madereva wa "barabara hii naijua hata nikifumba macho". Kabla hatujaanza kushuka mlima Kitonga akaipita semi moja ya Zambia iliyokuwa inajikokota, akaicheka, akatupia gia nyutro. "Hapa mpaka chini hatunywi mafuta!" Uongo mtupu, maana gari za injeksheni ukishuka na gia huku umeachia moto injini inajikatia mafuta yenyewe, ni nyutro ndo inaendelea kunywa ili isizime. Lakini we mwambie baba mdogo kitu uone.

Kona ya kwanza breki, ya pili breki, mguu haubanduki pale. Mara harufu ikaanza, kali, ya kitu kinaungua. Bibi akageuka. "Nani kavua viatu humu?"

Macho yote kwangu. Kweli nilikuwa nimevua, safari ndefu ile, ila miguu yangu haijafika huko jamani. Mama mdogo hakusikiliza utetezi, akashusha kioo soksi zikaenda na maji bondeni. Harufu ndo kwanza inazidi. Bibi akasema, "Basi ni miguu yenyewe," nikapuliziwa pafyumu kuanzia vidoleni hadi magotini.

Wakati huo baba mdogo kanyamaza, na yeye huwa hanyamazi. Tairi la mbele linatoa moshi. "Mbona pedali inazama?" Aisee! Bibi akaanza Baba Yetu kwa Kihehe, baba mdogo anapampu breki, akarudisha gia D, akashusha gia 2, gari ikaguna, handibreki kidogokidogo, mpaka tukaenda kugota kwenye kifusi pembeni ya kona.

Kutafuta triangle, bado iko kwenye nailoni yake. Mama mdogo kashika dumu la maji anakimbilia tairi, ndo ile semi tuliyoicheka ikatokea inajikokota vilevile, utingo akaruka chini. "Mama usimwage! Diski ya moto hivyo itapinda hiyo!" Akatuambia tuache ipoe yenyewe, oili ya breki imechemka ikafanya hewa, ndo maana pedali haina kitu. Akamgeukia baba mdogo, "Mzee, gia unayopandia mlima ndo unashukia, breki unagusa unaachia, sio unalala nayo." Baba mdogo akaitikia kwa adabu ambayo hata ukoo haujawahi kuiona.

Tukakaa pale hadi magurudumu yakapoa na pedali ikarudi juu. Tukashuka na L, gia ya chini kabisa, taratibu mpaka Ruaha Mbuyuni, fundi akabadilisha pedi na oili ya breki. Tukajua yameisha.

Kumbe baba mdogo somo limemkolea. Tumeingia tambarare kabisa, gia bado L, injini inalia kama cherehani. Mikumi mbugani mchana unaruhusiwa spidi 70, sisi hata 40 hatuigusi, nyuma foleni ya mabasi inapiga honi, nyani wamekaa pembeni wanatutazama. Ile semi ikatupita, utingo akatupungia mkono.

Bibi akaifuata kwa macho hadi ikapotea. "Mwambieni asimame," akasema, "mi nina nauli."