WWE ikiinunua AEW, nani atashika kalamu?

Kuna ndoto isiyokufa miongoni mwa mashabiki wa mieleka: siku moja WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya maonyesho ya Marekani, itoe fedha, iinunue AEW, mpinzani wake mkuu, na wanamieleka wote wawe chini ya paa moja. Kenny Omega wa AEW akutane na Seth Rollins wa WWE. Swerve Strickland amkabili Roman Reigns. Will Ospreay na Gunther wapewe nusu saa nzima WrestleMania, onyesho kuu la WWE la kila mwaka. Ni ndoto tamu, na wanaoiota wana hoja za kusikilizwa. Lakini jambo la aina hii limeshatokea, tena kati ya kampuni mbili zilizokuwa kubwa kuliko zote, na mwisho wake tunaujua. Nadhani si haki kuipima ndoto bila kwanza kuuangalia mwisho huo kwa makini.

Machi 2001, WWF (jina la WWE lilikuja mwaka uliofuata) iliinunua WCW, kampuni ya Ted Turner ambayo kuanzia katikati ya 1996 ilikuwa imeishinda kwa watazamaji zaidi ya wiki 80 mfululizo. Kufikia mwaka 2000 WCW ilikuwa hoi, na hasara yake ya mwaka huo ilitajwa kuzidi dola milioni 60. AOL ilipoungana na Time Warner, shirika lililokuwa likimiliki WCW, wakubwa wapya hawakuutaka mchezo huu nyumbani kwao. Jamie Kellner, aliyekabidhiwa chaneli za Turner, akaviondoa vipindi vya WCW hewani. Eric Bischoff, aliyewahi kuiongoza WCW, na wawekezaji wake, waliokuwa mbioni kuinunua, wakarudi nyuma, kwa sababu kampuni ya mieleka isiyo na saa yake kwenye televisheni haina cha kuuza. Ndipo Vince McMahon, bosi wa WWF, akachukua jina, nembo, hazina ya kanda na mikataba ya wanamieleka kama 24 kwa dola milioni chache tu.

Hapo upande wa wanaoiota ndoto hii una hoja nzito ambayo wakosoaji huipita haraka. McMahon hakuiua WCW. Aliikuta imeshanyimwa hewa na mmiliki wake mwenyewe. Asingeinunua yeye, huenda hata zile kanda za miaka mingi, za Ric Flair na Dusty Rhodes, zingeishia kwenye ghala la shirika lisilojua thamani yake. Na kwa vijana waliokuwa na mikataba, kuchukuliwa kulimaanisha mshahara uliendelea kuingia.

Kwa AEW ya leo hoja hiyo inahamia vizuri kiasi, ingawa si yote. AEW nayo inaishi kwa mkataba wa televisheni, na Warner Bros. Discovery inayoirusha ndiyo mrithi wa nyumba ileile iliyoifungia WCW mlango. Dynamite, kipindi kikuu cha AEW, ilianza Oktoba 2019 kwenye TNT, chaneli ileile ya Nitro, kipindi kikuu cha WCW. Wakubwa wa televisheni wakibadilika, lolote linawezekana. Tofauti ni kwamba Tony Khan, bosi wa AEW, si meneja wa kuajiriwa. Ni mtoto wa Shahid Khan, mwenye Fulham inayofahamika kwa kila anayefuatilia ligi ya Uingereza, na hakuna bodi ya shirika kubwa inayoweza kuamka asubuhi na kumwambia auze. Kwa hiyo tukiwazia ununuzi huu leo, tunawazia kampuni iliyo hai ikinunuliwa, na si maiti ikizikwa kwa heshima.

Sasa tuangalie kikosi cha WCW kilifanywa nini, maana hapa ndipo penye funzo.

Utetezi wa kawaida ni kwamba uvamizi wa WCW ndani ya WWF, yaani hadithi iliyoandikwa ya wageni kuivamia kampuni iliyowanunua, ulishindikana kwa sababu majina makubwa hayakuja. Ni kweli Hogan, Goldberg, Sting, Nash na Flair walikuwa na mikataba minono iliyobaki kwa AOL Time Warner, wakaona heri walipwe wakiwa nyumbani. McMahon hakutaka kuinunua ile mikataba. Lakini utetezi huu unagongana na takwimu moja: onyesho la kulipia lililoitwa InVasion, Julai 2001 mjini Cleveland, liliuzwa kwa nyumba zaidi ya laki saba, bila Hogan wala Goldberg. Watu walikuwa na hamu. Walitaka kuona jina la WCW likipambana na jina la WWF, hata kwa wapiganaji wa daraja la pili.

Walichoonyeshwa ni kingine. Diamond Dallas Page, aliyekuwa bingwa wa dunia wa WCW mara tatu, kipenzi cha watu aliyepanda kwa jasho, aliingizwa kama mtu anayemnyemelea mke wa Undertaker, nyota wa WWF, na kumpiga picha za siri. Agosti, kwenye SummerSlam, yeye na mwenzake Kanyon walipigwa ndani ya kizimba cha chuma na Undertaker na Kane. Usiku huohuo Booker T, bingwa wa WCW, alipokonywa mkanda na The Rock. Miezi mitano tu baada ya ununuzi, mkanda mkubwa wa WCW ulikuwa kiunoni mwa nyota mkubwa wa WWF. Uvamizi gani huo?

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukaribu, chukua pambano la mwisho, Survivor Series ya Novemba 2001. Lilifanyika Greensboro, North Carolina, kwenye ukumbi uleule ulioandaa Starrcade ya kwanza mwaka 1983, yaani kitovu cha kampuni ya Jim Crockett ambayo ndiyo iliyozaa WCW. Timu mbili za watu watano, na upande utakaoshindwa unafutika. Waliosimama kwa niaba ya wavamizi ni Steve Austin, Kurt Angle, Shane McMahon, Rob Van Dam na Booker T. Wahesabu. Austin na Angle ni nyota wa WWF. Shane ni mtoto wa mwenye kampuni. Van Dam alitoka ECW, kampuni nyingine ya mieleka. Mwana WCW alikuwa mmoja tu, Booker T, katika pambano la kuamua uhai wa WCW! Mwishoni wakabaki The Rock na Austin, Angle akamgeuka Austin, The Rock akashinda. WWF ilijipiga yenyewe na kujitangaza mshindi, kwenye ardhi ya mababu wa yule aliyezikwa.

Watu wengi huliita hilo kosa la uandishi. Mimi naona ni zaidi ya hapo, na ndiyo hoja yangu kubwa katika makala hii. Mieleka ya kulipwa matokeo yake huandikwa. Mwanamieleka anayehamishiwa kampuni ya mnunuzi anahamia chini ya kalamu ya mtu ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwathibitishia watazamaji kwamba kule alikotoka ni duni. Mtu huyo hawezi kumwacha mgeni ashinde bila kukiri kwamba alikuwa akikosea. Na asipomwacha ashinde, ameharibu mali aliyoinunua. McMahon alichagua kuharibu mali.

Linganisha na UFC, kampuni ya ngumi mchanganyiko, ambayo leo iko chini ya mmiliki mmoja na WWE, yaani TKO. UFC iliinunua Strikeforce, mshindani wake, mwaka 2011, ikameza kikosi chake. Dharau kwa wageni ilikuwepo kule pia. Lakini ngumi hazisomi maandishi. Ronda Rousey, Daniel Cormier, Fabricio Werdum, Luke Rockhold na Tyron Woodley, wote waliopita Strikeforce, wakawa mabingwa wa UFC. Hakuna bosi aliyeweza kuandika kwamba Cormier ashindwe. Kwa hiyo wanaotumia mfano wa ndondi na ngumi mchanganyiko kusema kuunganisha vikosi hutoa bora wa walio bora, wanasema kweli kuhusu michezo ile. Kwenye mieleka bora ni yule aliyeandikwa kuwa bora.

Nikiwa mkweli, hoja hii ina tundu. Baada ya uvamizi kufa, wana WCW walianza kufanikiwa mmoja mmoja. Flair alirudi siku moja baada ya Greensboro. Hogan alikutana na The Rock jijini Toronto Machi 2002, na ukumbi mzima ukamshangilia Hogan aliyekuja kama adui. Sijui pambano lingine la miaka ile ambalo mashabiki waliliteka namna ile. Rey Mysterio aliingia 2002 akaja kuwa bingwa wa dunia. Goldberg alibeba mkanda 2003. Booker T naye, aliyedhalilishwa 2001, alitwaa ubingwa wa dunia 2006 na baadaye akaingizwa kwenye jumba la heshima la WWE. Anayesema ununuzi ule uliua vipaji vyote anatia chumvi. Lakini kila mmoja wao alifanikiwa akiwa peke yake, akiwa amevaa rangi za WWE. Kile walichokuja nacho kwa pamoja, ile fahari ya kutoka kwingine, kilikuwa kimeshazimwa. Na Sting, aliyekaa nje hadi 2014, alipofika WrestleMania 2015 alipangwa kushindwa na Triple H, nyota wa WWE, miaka 14 baada ya vita kwisha. Sikuona sababu ya pambano lile zaidi ya kumalizia kisasi.

Upande wa kazi ndio unaonifanya niwe mkali zaidi. Wanamieleka wa Marekani hawana chama, na kampuni huwahesabu kama makandarasi wa kujitegemea. Kinga yao pekee ni mlango wa pili. Aprili 2024 AEW iliandaa onyesho la Dynasty, na mkanda wa dunia ukagombaniwa na Samoa Joe na Swerve Strickland. Wote wawili walikuwa wameachishwa kazi na WWE. Strickland aliondolewa Novemba 2021; usiku ule alishinda akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa AEW. Kusingekuwa na AEW, mtu yule angekwenda wapi kuthibitisha kwamba waliomwacha walikosea? Njia hiyo ni ya pande mbili. Cody Rhodes aliondoka WWE, akasaidia kuijenga AEW, akarudi 2022 akiwa na thamani ambayo asingeipata kwa kukaa, na 2024 akatwaa ubingwa wa WWE. Hata WWE yenyewe ilipata nyota wake mkuu kwa sababu mpinzani alikuwepo.

Na tunajua soko la mwajiri mmoja linavyokuwa. Wapiganaji waliishitaki UFC wakidai kwamba kununua washindani na kufunga watu kwa mikataba mirefu kulishusha malipo yao. Kesi ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 375. Mmiliki ni yuleyule. Sioni kwa nini tutegemee atawatendea wanamieleka kwa ukarimu zaidi.

Wanaotetea ndoto watajibu kwamba nyakati zimebadilika. Vince McMahon ameondoka, Triple H ndiye anayesimamia hadithi, na anawaheshimu waliotoka nje. Kuna ukweli. Lakini tazama mikanda. WWE ilitangaza kuinunua AAA, kampuni ya mieleka ya Mexico, Aprili 2025. Septemba mwaka huohuo mkanda mkuu wa AAA ulikuwa mikononi mwa Dominik Mysterio, nyota wa WWE. Kwa TNA, kampuni nyingine ambayo ni mshirika tu wa WWE, Trick Williams wa NXT, tawi la WWE la kukuza vipaji, alichukua ubingwa wao Mei 2025, lakini Oktoba Mike Santana wa TNA aliurudisha nyumbani. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inatokana na umiliki: TNA ina mwenyewe anayeweza kukaa mezani na kudai mkanda wake.

Tony Khan naye si mtakatifu katika hili. Aliinunua Ring of Honor, kampuni ndogo ya mieleka, Machi 2022, akiipenda kwa dhati, na bado kampuni ile imebaki kivuli ndani ya AEW, mikanda yake ikizunguka miongoni mwa watu wa Khan. Hata mnunuzi mwenye mapenzi mema humeza.

Kwa hiyo siungi mkono WWE kuinunua AEW, hata kwa ahadi ya mapambano tunayoyatamani. Mapambano hayo yanawezekana kwa ushirikiano, kama AEW na New Japan, kampuni ya mieleka ya Japani, wanavyofanya kupitia onyesho lao la pamoja, Forbidden Door, tangu 2022, kila upande ukirudi kwake. Lakini ikitokea siku moja karatasi zikasainiwa, kuna mambo matatu nitakayoyaangalia kabla ya kusikiliza hotuba yoyote. La kwanza, kama Dynamite itabaki na saa yake hewani na waandishi wake wenyewe, wasiopokea maagizo ya kila wiki kutoka makao makuu ya WWE, Stamford. La pili, kama wanamieleka watapewa dirisha la kuondoka kwa hiari, ili anayetaka Japani au Mexico asifungwe na mkataba aliousaini na bosi mwingine. La tatu, nani atakuwa na mkanda wa dunia wa AEW baada ya miezi mitano. WCW haikufika hapo.