Mguu wa bandia sawa, ila magongo msiyatupe

Dereva bodaboda akikatwa mguu baada ya ajali, kijiweni wanachangishana, "tumnunulie mguu wa bandia arudi barabarani", hela ikitimia anapigwa picha kasimama na hapo watu wanaona yameisha. Sipingi mguu jamani, napinga ile hesabu.

Wanaosema mguu kwanza wana hoja nzito. Kwenye magongo mikono yote inashikwa, ndoo ya maji hubebi, mtoto akilia humuinui, hata kikombe cha chai kukitoa jikoni mpaka sebuleni ni mtihani, alafu mabega yanauma. Na macho ya watu je? Ukiwa na mguu suruali inashuka mpaka kwenye kiatu, kwenye daladala hamna wa kukuhoji. Aliyekatwa chini ya goti akipata unaomkaa sawasawa anatembea vizuri tu.

Sasa wale wanaouacha uvunguni tunawaita wavivu, na hapo ndo tunapowaonea. Shida kubwa huwa kwenye soketi, pale kigutu kinapoingia. Miezi ya mwanzo kigutu kinanywea, soketi iliyokaa fiti inaanza kucheza, unavaa soksi ya pili, ya tatu, mwisho inatakiwa soketi mpya kabisa, na hiyo kwenye mchango haikuwemo. Weka na joto la Dar, jasho limejaa humo ndani, ngozi inachubuka, mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu mpaka avue akute damu kwenye soksi. Kikishakuwa kidonda unaambiwa usivae mpaka kipone, hivo unarudi kwenye magongo yale yale. Aliyekatwa juu ya goti ndo kabisaa, kila hatua inamla nguvu, matope ya masika sijui hata niseme nini.

Kingine watu hawakijui, mguu unapangiliwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu, ukivua viatu msikitini au kwa watu unajikuta unaelemea nyuma. Wahindi waliliona hilo zamani, mguu wao wa Jaipur ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili mtu atembee peku na aweze kuchuchumaa.

Wataalamu wa miguu hii kwetu wapo, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kinawafundisha tangu 1981. Ila mtu wa kijijini kwenda kurekebishiwa soketi ni nauli, malazi, na siku za kazi zimepotea, akikosa anavumilia mpaka anauacha. Kwa hiyo mimi ningechukua mguu wa kawaida wa plastiki, inayobaki iwe ya soketi ijayo na nauli, na magongo yakae mlangoni bila aibu. Hao wanaotuma klipu za magoti ya kompyuta kutoka Ulaya waulizeni kwanza likizima, fundi wake yuko wapi, na chaji je, umeme ukikatika siku mbili?